Darasa la Jikoni, Hai Jalaba

Harufu ya mafuta ya ndege ndiyo iliyotujulisha kwamba Vasili amerudi kutoka uwanjani. Alikuwa fundi wa ndege za mizigo, mpangaji wetu pale mtaa wa Hai Jalaba, na Kiswahili chake alikiokota Lokichoggio, huko Kenya nilikozaliwa. Tulikuwa tumehamia Juba Sudan Kusini ilipopata uhuru. Shuleni nilichekwa kwa kutojua Kiarabu cha Juba, kwa hiyo jioni nilikaa barazani nikimsikiliza akisimulia mji wake mdogo wa magharibi mwa Ukraine, wenye mto mwembamba na kanisa la mbao.

"Bibi yangu hapana hama nyumba," alisema, vidole vyake vimejaa grisi. "Nchi ndio nahama. Leo Poland, kesho Sovieti, halafu Mjerumani, halafu Sovieti tena. Mwisho Ukraine."

Kila shule ilipofungwa, bibi huyo alifundisha jikoni kwake watoto wa Kiukraine, wa Kipolandi na wa Kiyahudi. Wayahudi walipochukuliwa wakauawa, aliendelea kuita majina yao kila asubuhi. Alipofika hapo, Vasili aliinuka akaenda kunawa grisi.

Kisha ikaja Desemba ya bunduki, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mjini. Vasili aliondolewa nchini na kampuni yake, shule ikafungwa, na mtihani wetu wa darasa la nane ukaahirishwa. Majirani waliokuwa wakipikiana sasa waliulizana makabila. Nilimwambia Mama nataka kuwaita wenzangu wasome kwetu.

"Wa makabila yote? Ndani ya nyumba yangu? Unajua huko nje watu wanatafutana?"

"Najua, Mama. Tukiwaita wa upande mmoja tu, tutakuwa kama wao."

Mama akabeba jiko la makaa, akalitoa jikoni na kuliweka uani ili tupate nafasi.

Tulianza watano, wiki ya tatu tukawa hatutoshi sakafuni. Waliokuwa wakinicheka walinifundisha Kiarabu, nami nikawafundisha hesabu. Mtihani ulifanywa hatimaye, na matokeo yalipotoka tulikuwa tumefaulu sote. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka mbio wakidhani risasi zimeanza tena, kisha nao wakaitikia, wa kabila hili na lile, mtaa mzima.

Leo nafundisha historia katika mtaa wa Atlabara, hapa hapa Juba. Darasa langu lina madawati, feni na mlinzi getini. Ni zuri, nalipenda. Lakini bado sijaona watoto wakikimbilia shule kama tulivyokimbilia kule jikoni kwa Mama.