Kanda Zilizotiwa Dawa ya Mahindi

Wacuka alifungua gunia la kanda za video, akapiga chafya, akalifunga tena. Halafu akamkodolea Hesbon macho, kama mtu asiyejua matusi yaanzie wapi.

"Baba Jotham, huu unga mweupe ni wa nini?"

"Dawa ya mahindi. Hakuna mdudu amegusa hata kanda moja, Mama Gichuki. Angalia mwenyewe."

Kwa mkulima wa Sirisia, kitu cha thamani hutiwa dawa, hufungwa guniani na kuwekwa stoo. Kikianza kunuka uvundo, huanikwa. Na Hesbon alikuwa amezianika kweli, juu ya turubai, jua la Januari, akizigeuza kwa mguu. Alieleza hayo kwa fahari, ati hata jirani alimsifu.

Ndani ya kanda hizo kulikuwa na ujana wa Wacuka. Kabla hajaanza kupiga video za harusi na matanga hapa Kitale, alishika kamera katika mchezo wa runinga uliotazamwa kila Jumapili jioni kutoka Bungoma mpaka Suam. Hesbon ndiye aliyeutunga, na bila kuombwa na mtu akajipa nafasi ya chifu. Kile kituo kidogo kilichourusha kilifungwa zamani, baada ya kurekodi mahubiri juu ya nakala zake zote. Zilizobaki ni hizi za asili, zilizotoka kwenye kamera.

Kwenye benchi alikuwa ameketi Ivy, binti ya Chepkemei, aliyeigiza mke wa chifu. Chepkemei alikufa Ivy akiwa bado ananyonya. Picha za mamake anazo. Sauti hajawahi kuisikia, na ndiyo iliyomtoa Suam.

Kanda nyingi zilikuwa zimegandamana, hazifai. Moja tu, ya sehemu ya mwisho, ilikubali kuzunguka. Wacuka aliipangusa unga, akasafisha mashine kwa pamba na spiriti, akaunganisha waya kwenye kompyuta.

"Sikilizeni. Utepe wa hii umeoza, utapita mara moja tu. Ukipita, kompyuta inanakili. Hakuna kusimamisha, hakuna kurudisha nyuma. Baadaye tutatazama kwa kompyuta mpaka tuchoke. Baba Jotham, umesikia?"

"Nimesikia. Kwani mimi ni mtoto?"

Picha ilitokea ikiwa na michirizi kama mvua. Chepkemei akatoka jikoni na sufuria, mkono mmoja kiunoni, akaanza kumfokea mumewe.

"Huyo sasa," Hesbon akasema. "Hiyo sufuria ilikuwa ya kwetu. Mama alinigombeza nayo wiki nzima, na siku hiyo mawingu yalikuwa…"

"Nyamaza, bana."

"Naeleza tu, mtoto ajue."

"Anti, sijasikia amesema nini," Ivy akanong'ona.

"Si tumrudishie kidogo tu," Hesbon akasema, na kabla Wacuka hajageuka, kidole kilikuwa kwenye kitufe.

Mashine ilikwaruza. Utepe ukajikunja ndani, ukakatika. Wacuka aliutoa vipande vipande, vumbi la kahawia likimganda vidoleni. Hakupaza sauti, na hapo ndipo Hesbon alipoogopa.

"Nilisema nini?"

"Nilikuwa namsaidia mtoto."

"Umemsaidia. Kaa pale. Mikono mapajani."

Akafungua kompyuta. Nakala ilikuwa imeishia pale kidole kilipobonyeza. Chepkemei alikuwamo, na sufuria yake, na maneno yake yote. Wacuka alimvisha Ivy spika za masikioni. Msichana akasikiliza, akacheka, akaziba mdomo, akarudisha mwanzo. Akarudisha tena.

"Anaongea mbio hivi," akasema. "Kama mimi."

Hesbon akajongea. "Na yangu? Ile ya baraza, nikiomba wanakijiji msamaha?"

"Ilikuwa inafuata."

Hesbon alitazama lile fundo la utepe mezani. Wacuka alikuwa na maneno tayari, makali, ya kumtosha mpaka Krismasi. Akayameza, na yalikuwa machungu.

"Ulikuwa mzuri," akasema, akikusanya vile vipande. "Ulisahau maneno na ukakanyaga waya zangu. Lakini machozi yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nyuma ya kamera, nilikuona."

"Utamwambia Jotham hivyo? Kijana wangu hunicheka, ati sikuwahi kuwa kwa runinga."

"Nitamwambia."

"Na ile ya kusahau maneno?"

"Hiyo nitaruka," Wacuka akasema. "Sasa toka kwa hiyo mashine."