Niko na Pumuzi

Cirhuza alianza kuhema kwenye hatua ya kwanza. Wenzake watatu bado walikuwa wakitafuta pa kuegemeza bega, naye kifua chake kilikwisha kupanda na kushuka kwa sauti, kama mtu aliyekuja mbio kutoka Muhuta.

"Moteri imewaka!" Nduwimana, mmoja wa wenzake, alikuwa akipiga kelele kutoka ng'ambo ya pili ya mti. "Mushike vizuri, mutumbwi unatoka!"

Walikuwa wakisukuma mti mrefu uliofungwa juu ya pipa la kukamulia mawese, wanaume wanne kwenye duara moja kila siku tangu asubuhi, uani kwa Mama Yudita, nyuma ya soko la Rumonge. Cirhuza alikuwa amevuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini na mkewe Rachelle na watoto wawili, na mti ule ndio uliowalisha. Saa sita, wenzake walipoanza kuyumba, yeye alihema vilevile kama asubuhi, wala zaidi wala pungufu. Niliyaona hayo kwa macho yangu, kwa kuwa ua wangu unapakana na ule. Kuona niliona. Kufikiri sikufikiri.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilikulia kambini Tanzania, nikarudi na Kiswahili ambacho watu wa hapa hukiita cha kitabu, na kwa sababu hiyo tu huniamini hata ninapokosea.

Mama Yudita aliniita siku moja. Mwaka uliotangulia mzee mmoja alikuwa amedondoka akisukuma mti ule na hakuamka, na tangu hapo alikuwa mwoga.

"Mwalimu, huyu Mukongomani anapumua vile mbele kazi ianze. Iko muzima kweli?"

Nilimwendea Cirhuza mbele ya wenzake. Ningeweza kumvuta pembeni, sikufanya hivyo.

"Kifua kinakusumbua?"

Alicheka, akajipiga kifuani. "Kifua? Miye niko na pumuzi, mwalimu. Niko na pumuzi mingi!"

Nikasikia pumu. Niliyemwuliza alikuwa akicheka na kujipiga kifua, nami nikasikia pumu. Kisha nikatoa somo, nimesimama juu ya maganda ya michikichi: kwamba mtu huhema pale damu yake inapochafuka kwa kazi, na kwamba anayehema kabla damu haijachafuka ana pumu. "Na mwenyewe amekiri," nikamalizia.

Cirhuza alinitazama. Alielewa kwamba kuna neno limegeuka, lakini Kiswahili changu kilikuwa kirefu kuliko chake. Mama Yudita alipomlipa siku yake na kumwambia asirudi, alichukua shati lake msumarini. "Murakoze, mwalimu," akanishukuru, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Bora ingekuwepo.

Jioni ile pumu yangu ilikuwa imeshageuka kifua kikuu midomoni mwa watu. Pale kwa Mama Yudita wafanyakazi hunywa maji kwa kikombe kimoja, kinachozunguka kama wao wanavyozunguka, na hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba alikinywea baada yake. Kikombe kilitupwa. Cirhuza alikwenda Kigwena, akawa anasukuma baisikeli zenye mikungu ya michikichi kupanda mlima, kazi ambayo mgonjwa wa kweli asingemaliza nayo wiki. Miezi mitatu sikuuliza habari zake.

Kisha nikaenda zahanati kupima presha. Eliana, muuguzi, ni mwanafunzi wangu wa zamani, na alitaka kunionyesha jambo alilojifunza chuoni. Kipimo kilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alinipa kitambaa kilichoviringwa nikiminye kwa nguvu. Presha ikapanda.

"Sasa angalia, mwalimu." Kabla sijaachia, alinifunga mpira juu ya kiwiko cha kushoto, ukakaza hadi damu ikasimama. "Achia kitambaa. Pumzika."

Niliachia. Mkono ulilala mapajani, haufanyi kazi yoyote, lakini presha haikushuka. Alipofungua mpira ndipo iliposhuka.

"Uchafu wa kazi umefungiwa ndani ya musuli," akasema, "na musuli unaendelea kuita. Uko na mishipa midogo ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo: huku kuna kazi, leteni damu, leteni hewa. Hata kuvutwa tu kwa musuli, habari inapanda."

"Bila kungoja damu ichafuke?"

"Kungoja damu ya nini? Hatua ya kwanza tu, miguu imekwisha kusema, na ubongo wenyewe umekwisha kujitayarisha. Kila mutu anaanza hivyo. Wengine wanafunga mudomo tu, musisikie."

Nilimweleza habari za Cirhuza. Nilitumaini atasema bado kulikuwa na pumu. Nilipofika kwenye neno lile aliweka kipimo chini.

"Alisema pumuzi?"

"Ndiyo."

"Mwalimu! Pumuzi ni pumzi. Alikuwa anajisifu!"

Alicheka sana, mtoto wa watu. Kisha akaniona uso, akaacha.

Nilimkuta Cirhuza mlimani Kigwena. Nilisema niliyokuja kusema, vibaya, kwa maneno mafupi. Aliniacha nimalize, kisha akaniambia nishike nyuma ya baisikeli, kwani haiwezi kusimama mahali pale. Nilisukuma. Hatua ya kwanza tu nikajisikia nahema, hu, hu, na sikuweza kuufunga mdomo.

Jumatatu nilimpeleka kwa Mama Yudita. Mama alikubali kumrudisha kazini, lakini Nduwimana na wenzake walisimama mbali na mti. Basi nikarudia mbele yao somo langu lote kinyumenyume, kwamba yeye alisema pumzi nami nikasikia pumu, na ugonjwa haukuwepo ila masikioni mwangu. Kisha nikachota maji kwa kikombe kipya, nikampa Cirhuza. Alikunywa nusu. Nilikunywa iliyobaki. Nduwimana akatazama chini, kisha akaja kukamata mti.

Saa sita kikombe kilizunguka tena, nami nilikuwa bado nimekaa pale kama mtu anayengoja kusamehewa. Nilikunywa, nikampa Cirhuza. Alikitazama, akanitazama, akakipitisha kwa Nduwimana bila kukigusa mdomoni.

"Apana, mwalimu," akasema. "Miye niko na pumu."

Wote walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikuwa na haki ya kufanya lingine.