Goti la Malkia

Mwalimu wa densi katika jumba la maigizo la mji ule aliitwa Dada Hesabu, kwa sababu mdomo wake haukupumzika: "Tano, sita, saba, nane!" Alihesabu akipanda ngazi, alihesabu akikoroga chai. Mumewe aliapa kwamba huhesabu hata usingizini, na kwamba asubuhi moja yeye mwenyewe aliamka akapiga hatua za densi mpaka bafuni kabla hajakumbuka kuwa ni fundi bomba.

Kazi yake ilikuwa kuzivisha nyimbo miguu. Mtunzi alileta maneno, mpiga kinanda akaleta sauti, naye akaamua nani atokee wapi, nani ageuke lini na nani ambebe nani. Alipoanza, watu walisema wachezaji wake hawagusi mbao za jukwaa. Siku hizi hakuna aliyesema hivyo, na sababu ilikuwa goti.

Goti lenyewe lilikuwa la shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwimbaji mkuu ambaye mji mzima ulimwita Malkia. Ndiye aliyemlea alipobaki yatima. Ndiye aliyemfundisha kusimama kwa ncha za vidole, jikoni, ameshika ukingo wa sinki huku sufuria ikichemka. Sauti ya Malkia ilikuwa bado ileile, na watu walikuja kwa ajili yake. Lakini goti la kulia lilikuwa limekula chumvi nyingi kuliko mwenyewe. Likikunjwa, halikutaka tena kukunjuka.

Dada Hesabu alianza kwa kumwondolea miruko. Msimu uliofuata akamwondolea mizunguko, kisha ngazi, na kila mara alikuwa na kisingizio mkononi.

"Shangazi, gauni hili zito. Ukizunguka litakukaba."

"Shangazi, malkia hapandi ngazi. Wengine ndio humshukia."

"Haya, mwanangu," Malkia alijibu. "Wewe ndiye mwalimu."

Kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Malkia akisimama tuli huku wengine wakiruka kama panzi, hata kipofu angejua kuna jambo. Basi ikabidi na wengine wapunguzwe. Vijana wenye miguu kama chemchemi wakafundishwa kutembea kwa madaha, kuyumba, kuinua mikono. Jukwaa zima likawa linachechemea kwa niaba ya mtu mmoja.

"Tumekuja kucheza au kupigwa picha ya harusi?" wachezaji walinong'ona.

Mpiga kinanda, mzee mcheshi aliyeona kila kitu kutoka pembeni, alimwambia siku moja, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Maradhi si yangu, mzee."

"Ndiyo maana unaumbuka wewe."

Mchana, wengine wakienda kula, Dada Hesabu alijifungia katika chumba cha mavazi na kucheza peke yake katikati ya makoti yaliyoning'inia. Densi alizozikatalia jukwaani zilikuwa zimemjaa mwilini kama maji nyuma ya ukuta. Zikitoka, alipigapiga mabega kwenye kabati, kwa kuwa chumba kilikuwa finyu.

Ndipo mwongozaji alipotangaza kwamba siku ya ufunguzi atakuja mgeni: mama mmoja kutoka jumba kubwa, anayetafuta mbunifu wa densi kwa mchezo mpya utakaozunguka miji mingi. Kesho yake Dada Hesabu aliwafundisha wachezaji densi ya kweli. Waliruka, wakadakana, wakaangushana na kuinuana mpaka vumbi likatoka kwenye mbao. Mpiga kinanda alicheka kwa sauti huku akipiga.

Malkia, aliyekuwa ameketi kando, alipiga makofi. Kisha akauliza, "Na mimi nasimama wapi?"

"Katikati, Shangazi."

"Nikifanya nini?"

Wote walimgeukia mwalimu, wakihema. Yeye akalitazama lile goti chini ya kanga, akaitazama mikono iliyowahi kumshika kiuno pale kwenye sinki asianguke.

"Turudieni ile ya zamani," alisema. Mchezaji mmoja alivua viatu akavitupa ukutani.

Siku ya ufunguzi Malkia aliimba, watazamaji wakasimama. Baadaye mgeni alimkuta Dada Hesabu kwenye ujia wa nyuma, nje ya chumba cha Malkia.

"Umewapanga vizuri," mgeni alisema kwa upole. "Lakini hawa ni farasi, dada yangu, nawe umewafunga kamba. Unaogopa nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini mlango ulikuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo ule aliona mguu wa shangazi yake umewekwa juu ya kiti.

"Ndiyo mtindo wangu," alisema.

"Ahaa." Mgeni akampa mkono, akaenda zake. Kazi ile alipewa mtu mwingine.

Chumbani, Malkia alikuwa anajitazama kwenye kioo. "Njoo univue kiatu," alisema. Dada Hesabu akapiga magoti, akafungua kiatu, kisha akaukunjua ukanda wa kitambaa uliofungwa kwenye goti. Goti lilikuwa limevimba kama boga.

"Nimesikia," Malkia alisema. "Umenisitiri."

"Shangazi! Kumbe unajua?"

"Goti ni langu. Nani angejua kabla yangu? Uliponiondolea ngazi, nililia kwa furaha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema, tungekuwa wawili tunaomhurumia mgonjwa. Nisiposema, mimi bado Malkia."

Dada Hesabu alingoja, kiatu mkononi. Alingoja lile neno moja: nenda, mwanangu, nimekuachia. Badala yake shangazi alimshika mkono, yeye ambaye maishani hakuwahi kumwomba mtu kitu.

"Usiniache. Mpaka sauti iishe tu."

"Na isipoisha?"

Malkia akacheka, akambusu kwenye paji la uso. Alidhani sauti yake inasifiwa.

Wiki iliyofuata walianza mchezo mpya. Hadithi ilihusu askari wanaorudi nyumbani, na mwongozaji alitaka shangwe, watu warukeruke barabarani. Dada Hesabu alimwendea seremala, akamwomba mabenchi marefu. Densi nzima, alieleza, itachezwa watu wameketi, kwa mabega na mikono. Wachezaji waliguna, wakakaa. Mpiga kinanda aliinamisha kichwa akatafuta wimbo.

Malkia aliingia akiwa amechelewa kidogo. Aliona kiti chake katikati, chenye mgongo mrefu na mto mwekundu. Akakaa, akanyoosha mguu, akasema kinamfaa sana.