Samaki Niliowatoa Lualaba

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hadi harufu yake. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na mwalimu wetu wa biolojia alitutoa darasani Kolwezi akatupeleka mto Lualaba, tuwaone viboko kwa macho yetu na tuondoe nyavu zilizoachwa majini, maana zilikuwa zinanasa ndege. Asubuhi ilikuwa njema. Kiboko alipokoroma, mimi niliyejiita mwanamume nilikuwa wa kwanza kukimbia. Cheka tu, nami nilichekwa. Mnandi mmoja tulimkatia nyuzi zilizomkaba bawa, akaruka, tukapiga makofi.

Tulipopita kona ya mto tukakuta samaki wamekufa, wengi, wanaelea tumbo juu. Tata Kazadi, mvuvi mzee aliyetuongoza, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

"Batoto, musiguse. Maji ya kiwanda ndiyo iliziua. Hata mbwa yangu siwezi kumupa."

Mwalimu akatuamuru tuchimbe shimo tuwazike, watu wasije wakawaokota. Mimi nilizika wengi, na watatu nikawaficha kwenye mfuko wa madaftari. Nyumbani baba hakuwa na kazi, tulikuwa tunakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kila siku, na samaki wale walikuwa wanene. Niliona ni dhambi kufukia kitoweo. Njaa nayo ni mwalimu, ila hufundisha vibaya.

Mama alifurahi hadi akaimba. Lakini kwake chakula hakikuingia sufuriani kabla hajajua kilikotoka.

"Ulizitosha wapi, tata?" Aliniita hivyo, yaani baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake.

"Bavuvi balitupatia, mama."

Hapo ndipo nilipoanguka, mwanangu, si kule mtoni. Nyumbani kwetu aliyeleta kitoweo hula mwisho, basi nikakaa nikiwatazama. Mdogo wangu Ngalula, wa miaka mitatu, mama alimchambulia miiba akamlisha kwa mkono wake. Zamu yangu ilipofika, nilisema nimeshiba.

Baba na mama waliumwa tumbo wakapona. Ngalula alitapika hadi akalegea. Kwenye zahanati muuguzi aliuliza amekula nini, mama akajibu, "Samaki muzuri, ya bavuvi." Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaogopa fimbo, nikanyamaza. Nilisema kesho yake, na kesho yake mtoto alikuwa ameshakufa.

Mama hakunipiga.

"Ungesema tu, tata. Tungelala njala, tungeamuka."

Sijui kama dawa ingemwokoa. Muuguzi naye hakujua. Nimezeeka na kutojua huko, na bado kunaniuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; mimi nilificha, kikamchukua mtoto ambaye hakuficha kitu.

Mwanangu, maji yetu bado ni mabaya, na njaa bado ipo. Ukileta kitu nyumbani, sema ulikokitoa, hata kama unaona aibu. Ukishadanganya, rudi useme saa ileile, kabla hujatafuta maneno mazuri. Fimbo inauma siku moja tu.

Mungu akuepushe na maji ya sumu, akupe ulimi usioogopa kukiri. Na watoto utakaowalisha kwa mkono wako, wao wakuzike wewe, wewe usiwazike wao.