Siku Nilipomuua Mkwe kwenye Spika

Jamani, haya ninayowasimulia nimeyaficha miaka mingi kwa aibu, na hata leo nikisikia jenereta linanguruma mahali nabadili njia, kwa hiyo mkicheka chekeni polepole, maana siku ile mwenzenu niliogopa mpaka nikasahau jina la mama yangu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila aliyepata jenereta na televisheni alifungua banda la video, na pale Iguguno banda lilikuwa la rafiki yangu Juma na mfasiri nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya televisheni na maiki mkononi, waigizaji wakisema Kiingereza chao mimi nawapa watu Kiswahili (Kiingereza changu mwenyewe kilikuwa cha kidato cha nne, tena cha kufeli, lakini nani alijua). Na kwa kuwa watu wetu hawakuwa na haja ya majina ya Kizungu, wahusika tuliwapa majina ya hapahapa: jambazi anapewa jina la dereva fulani, mlevi anapewa la fundi baiskeli, watu wanacheka na mwenye jina anatamba wiki nzima. Siku za mnada Juma alifunga spika juu ya bati, sauti yangu ikawa inafika mpaka kule kwenye ng'ombe, ili watu wasikie utamu waje.

Sasa wiki hiyohiyo nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa Mzee Gunda, baba yake Naomi, na majibu yalikuwa hayajatoka. Naomi nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Baba yake nilimwogopa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiye na maneno, ana koti moja refu la kijivu na kofia ya pama anavyovivaa msimu wote wa upepo, na akikutazama kutoka chini ya ile kofia unaanza kukumbuka makosa yako ya darasa la pili. Halafu kwetu ukishapeleka barua, jina la baba wa binti hulitaji hovyo, unasema "baba" basi. Hilo nililijua vizuri.

CD ilikuja na basi kutoka Singida mjini asubuhi ya mnada. Desturi yetu ni kwamba mfasiri anaiangalia kwanza peke yake, ajue nani mwema na nani mbaya. Mimi nikaenda kunyoa ndevu, kwa sababu niliambiwa Naomi atapita mnadani kununua vitunguu. Niliporudi saa nane banda limejaa, mwingine kaingia na kuku wake wawili wamefungwa miguu, Juma ananipungia mkono niwahi, nikakaa, nikashika maiki.

Picha ikaanza, na balaa likaanza nayo. Mji mzima mweusi na mweupe, mvua inanyesha kama chaki, watu nusu uso giza nusu uso mwanga.

"Juma, televisheni yako imekufa rangi," akasema yule mwenye kuku.

Juma akaipiga kofi kichwani. Mara akapita mwanamke, mwili mzima mweusi na mweupe, ila viatu vyekundu, vyekundu kabisa, na banda zima likasema "eee". Ubishi ukazuka hapohapo. Wengine wakasema ni picha ya enzi za mkoloni hiyo, tunafanywa wajinga. Wengine wakasema rangi ipo ila imeshukia miguuni. Mtu akapigwa risasi, damu ikatoka nyeupe, na mama mmoja wa mandazi akasema kwa uchungu, "Huyo anatoka damu au anatoka uji?"

Aliyeitetea alikuwa mmoja tu, Fundi Saidi, mchora vibao vya maduka.

"Hii imetolewa kwenye kitabu cha katuni, nyie," akasema. "Aliyeichora alikuwa na wino mweusi na kalamu moja nyekundu. Mwenye kalamu moja haichezei, anaiweka panapouma."

"Basi akaichore kwenye duka lako," wakamjibu.

Nikaona watu wananiponyoka. Ndipo kwenye picha akatokea mtu wa makamo, koti refu, kofia ya pama, anatembea kwenye mvua bila haraka. Nikajisemea huyu ndiye steringi, mhusika mkuu wa picha, na steringi siku zote ni mtu mwema, tena hafi. Nikawaza kwamba nikimpa jina zuri sifa zitamfikia mwenyewe huko mnadani, atafurahi, barua itajibiwa. Nikavuta maiki karibu.

"Anaingia sasa," nikasema, "shujaa wetu, Mzee Gunda."

Banda likalipuka kwa vicheko, kwa sababu kweli walifanana, na ubishi wa rangi ukafa. Nikajiona nina akili sana. Nikaendelea, Mzee Gunda anakagua mtaa, Mzee Gunda hachezewi, na kila nikisema spika inapeleka mpaka kwenye ng'ombe. Dakika kumi hazijapita Mzee Gunda akafungua mlango wa baa, akakaa akanywa chupa nzima, akapanda ngazi kwa yule mwanamke wa viatu vyekundu, mlango ukafungwa. Mdomo wangu ulikuwa umeshazoea, ukasema wenyewe, "Mzee Gunda huyoo, kanywa, sasa kaingia kwa malaya." Niliisikia sauti yangu ikirudi kutoka nje, na hapo ndipo nilipoikumbuka ile barua ya posa.

Gunia tulilolitundika mlangoni kama pazia likafunuliwa. Mwanga ukaingia, na katikati ya mwanga amesimama mtu, koti refu, kofia ya pama. Watu wakatazama televisheni, wakatazama mlango, wakatazama televisheni tena.

"Steringi kaja mwenyewe," mtu akanong'ona.

Adabu tuliyofundishwa haingoji akili, nikatamka "shikamoo baba" huku maiki ikiwa mdomoni. Mnada mzima ukasikia. Huko nje watu waliitikia marahaba.

"Marahaba," akasema Mzee Gunda. "Endelea na kazi."

Wakampisha benchi la mbele. Akakaa hatua mbili kutoka kwangu, mikono juu ya magoti, kofia hajavua. Nilitamani kukimbia lakini mlango ulikuwa nyuma yake, na dirisha lilikuwa nyuma ya jenereta. Nikafikiri, ngoja nimsafishe. Yule wa kwenye picha akatoka chumbani anafunga mkanda, nikasema, "Alikwenda kumwombea huyo dada, ana homa." Akamkaba koo rafiki yake gizani, nikasema wanasalimiana, hawajaonana siku nyingi.

"Mfasiri," mwenye kuku akaita, "mtu ananyongwa, wewe unatuambia salamu?"

"Ni salamu za huko kwao," nikasema. Jasho lilikuwa linaingia machoni.

Kila nilipodanganya nilimtazama mzee kwa pembe ya jicho, na kila nilipomtazama alikuwa ananitazama mimi, si televisheni. Hofu ile sijawahi kuipata tena hata siku niliyokutana na fisi kule Mungaa. Mwisho yule wa koti akasimama mvuani mbele ya polisi, akasema maneno mengi, hata mimi nikayaelewa, kwamba ni yeye aliyemuua rafiki yake, basi. Wakampiga risasi. Damu ikaanza nyeupe, halafu ikageuka nyekundu, na banda zima, pamoja na wale waliokuwa wanatukana, lilinyamaza.

"Amezimia," nikasema kwenye maiki. "Anapelekwa hospitali."

Kwenye televisheni wakamshusha kaburini.

"Wanamzika kazimia?" akauliza mama wa mandazi, na watu wakacheka mpaka kuku wakapiga kelele, wengine wakanirushia maganda ya karanga. Fundi Saidi alikuwa amekasirika hasa, anasema nimeiharibu picha nzuri kuliko zote alizowahi kuona.

Mzee Gunda akasimama. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha. Niliijua, nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Akaiweka juu ya meza, mbele ya maiki.

"Nilikuwa ninakuja kuona kazi yako kabla sijajibu," akasema. "Nimelisikia jina langu toka kwenye ng'ombe. Uliponisema nimelewa, ulikuwa unasema ulichokiona. Uliponiona ukaanza kugeuza. Sasa mwanangu akifa huko kwako, utaniambia amezimia?"

Maiki ilikuwa bado inawaka.

"Jumapili baada ya ibada njoo nyumbani," akasema. "Utanisimulia hiyo picha upya, kama ilivyo. Barua uje nayo."

Siku nne sikulala sawasawa. Jumapili nikakaa barazani kwao, yeye, mkewe, shangazi wawili na Naomi mlangoni ananiangalia, nikaanza kusimulia toka kwenye ile mvua. Nilipofika kwenye chupa nikasema aliimaliza, nilipofika kwenye ngazi na yule mwanamke nilitazama chini, lakini nikasema alipanda, na alipanda kufanya nini. Nikasema alimnyonga rafiki yake. Nikasema alikiri.

"Akafa?" akauliza mzee.

"Akafa, baba."

"Na steringi ni yeye?"

"Ni yeye, baba."

Akanyoosha mkono, akaichukua ile barua, akaitia mfukoni.

"Naomi," akasema, "mletee mwenzio maji ya kunawa."

Tangu hapo sijashika maiki kusema kitu nisichokiangalia kwanza, na jina la mtu sijalitia tena kwenye picha. Na Naomi akiniuliza mezani kama chumvi imezidi, namwambia imezidi, huku naogopa.