Mgongo wa Jani

Shangazi yangu hajui kupanda hata mchicha, lakini mimea mikavu iliyopita mikononi mwake imejaza makabati arobaini. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake chuoni ni kubandika matawi kwenye karatasi nene, kwa gundi na uzi, ili wataalamu wayatazame wabishane. Na kubishana wanajua! Mcheri-mwitu wa mlimani, kichaka kisichofika hata kiunoni, wameuhamisha jenasi, yaani ukoo wa mimea, mara tatu, na kila mara ni shangazi aliyebeba majalada kabati hadi kabati. "Mti huu una talaka nyingi kuliko kaka yangu," husema. Kaka mwenyewe ni baba yangu.

Miezi miwili kabla shangazi hajastaafu, Profesa anayemsimamia alirudi kutoka mlimani na tawi la mcheri lenye vinundu viwili nyuma ya kila jani, karibu na kikonyo. Karatasi ya zamani ya mcheri huo kabatini haikuonyesha kinundu hata kimoja.

"Mama, hii ni spishi mpya," alimwambia shangazi. "Nitaipa jina lako."

Wiki nzima shangazi hakushikika kwa maringo. Hadi muuza mkaa alipata habari. Kisha Ijumaa akaitoa ile karatasi ya zamani aipanguse vumbi, akautambua uzi wake mwenyewe, wa mwezi wake wa kwanza kazini. Kanuni ni kugeuza angalau jani moja, mgongo uonekane. Yeye alikuwa ameyalaza yote chali.

"Shangazi, nani atajua?" nilimuuliza nyumbani. Sioni haya kusema nilimshauri anyamaze.

"Mimi je, si mtu?"

Jumatatu nilimsindikiza kazini, nikitumaini kumgeuza njiani. Wapi! Mbele ya Profesa alichemsha birika, akalainisha gundi kwa mvuke, akaingiza wembe, akageuza jani moja. Vinundu viwili, hivi hapa.

Profesa aliketi. "Kumbe ni ule ule."

"Ni ule ule. Kosa ni langu."

Profesa akafungua droo, akatoa kijikaratasi cha uthibitisho, ambacho hujazwa na mtaalamu aliyeutambua mmea. Shangazi amebandika maelfu ya vijikaratasi hivyo, vyote vya watu wengine. Profesa alimpa kalamu.

Shangazi aliandika jina la zamani la mcheri, tarehe, na chini kabisa jina lake. Machozi yakamtoka, na yule mwongo akasingizia mvuke.