Kisasi kwa Kunguru wa Mbweni

Aliyesema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake hakuwahi kukaa Unguja. Kunguru wetu hawaogopi kitu. Wanaingia jikoni na mwenye jiko yumo, wanabeba sabuni iliyowekwa kando ya karo, wanampokonya mtoto andazi mkononi kisha wanakaa juu ya paa kumtazama akilia. Watu wazima walikuwa wakituhadithia kwamba waliletwa na wakubwa wa zamani wasafishe taka za mji. Taka hazikwisha, na wao hawakuondoka. Nawachukia, na nasema mapema ili anayesoma asije akangoja msamaha ambao sina.

Chuki yangu ina siku yake. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa sukari, mguu mmoja umeshakatwa, na kitanda chake nilikisogeza dirishani, kwenye dirisha linalotazama uani kwetu, Mji Mkongwe. Uani pana mkomamanga. Shore wawili, wale ndege wadogo wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, walijenga kiota humo, karibu na dirisha kiasi kwamba mama aliweza kuona midomo ya makinda ikifunguka. Ikawa ndiyo kazi yake. Nikirudi kutoka kwenye kibanda ninachoshonea, haniulizi nimeshindaje, ananipa habari za kiotani: leo wameletewa panzi, leo mmoja amesimama ukingoni. Mtu aliyekuwa akisukuma bakuli la uji sasa alikula, maana alitaka kuwaona wakiruka.

Asubuhi moja kunguru walishuka uani. Nilimsikia mama akipiga kelele nikakimbia na mwiko mkononi, lakini walikuwa wameshamaliza. Mmoja alibaki juu ya tawi na kinda mdomoni. Alimtazama mama kwanza, bila haraka, ndipo akaruka. Mama akageukia ukutani. Tangu siku ile hakutaka dirisha lifunguliwe, na kabla mwezi haujaisha tulimzika. Daktari alisema ni sukari, na ndugu zangu wote wanasema ni sukari. Hata mimi najua kuwa ni sukari. Lakini sukari huwezi kuirushia jiwe.

Nilianza na mawe, basi. Nikavunja kioo cha jirani na nisimpate kunguru hata mmoja. Nikajaribu mtego, wakala chambo na kuuacha mtego. Ndugu zangu walianza kunong'ona kwamba msiba umenipanda kichwani, wakaniambia niende nikakae siku mbili tatu Mbweni kwa mjomba, nipumue.

Mjomba ndiye ndugu pekee wa mama aliyebaki. Alikaa Maskati miaka mingi akitunza ndege wa kuwindia wa tajiri mmoja, akarudi na kifua kibovu, mizani ndogo na glovu moja la ngozi. Nilimkuta uani kwake amechuchumaa mbele ya kipanga. Mfugaji kuku mmoja wa Fumba alikuwa amemleta ndani ya polo la mchele, jike, amenaswa kwenye wavu wa banda, ubawa mmoja unaning'inia. Yule bwana alikuja kumtaka mjomba ushauri tu, akaishia kumwachia ndege. Mjomba aliwapigia simu watu wa misitu, nao wakamwambia amtibu, akipona amwachie. Kwa hiyo kila aliyemuuliza alijibiwa neno moja, kwamba yule ni amana.

Alikuwa ndege mzuri, siwezi kukataa. Mgongo wa kijivu kilichokolea, kifua cha mistari myembamba, na macho ya manjano yasiyomwomba mtu kitu. Tatizo lilikuwa kifua cha mjomba. Kila akikohoa, kipanga aliruka kutoka kwenye kijiti chake akajipiga chini, na ubawa ndio kwanza unaunga. Mwishowe mjomba alinivalisha glovu mimi. Likanipwaya, nikajishonea jipya usiku uleule, na vikanda vya ngozi vya miguuni nikashona upya pia, laini zaidi, maana kushona ndiyo kazi yangu.

Akanifundisha. Unampima kila asubuhi, kwani ndege aliyeshiba hana haja na wewe, na aliyekonda sana hana nguvu za kuruka. Unampa nyama mkononi tu. Unapiga mluzi, unanyoosha mkono, anakuja, kwanza hatua moja, kisha uwanja mzima akiwa na kamba ndefu mguuni. Mjomba alisema hayo yote si ya kumfuga. Ni mazoezi ya kurudisha ubawa, na siku ukipona mluzi nao unakoma. Siku mbili tatu zangu za kupumua zikawa wiki, halafu miezi. Mchana nashona mjini, alasiri narudi Mbweni kulala.

Jambo moja nililiona mwenyewe bila kufundishwa. Kila nilipotoka na kipanga mkononi, kunguru waliokuwa kwenye msufi wa uani walinyamaza. Wale wapiga domo, kimya. Moyo wangu ulicheka kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Nilimwomba mjomba kwa adabu. Nilimwambia ndege anahitaji kujifunza kuwinda, na nyama ya kuwinda ipo tele juu ya msufi. Mjomba hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana mama alikuwa dada yake na habari ya makinda aliijua.

"Hawa wa Mbweni ndio walokula makinda ya mjini?" aliniuliza.

Nikamjibu kunguru ni kunguru.

"Mwanangu, huyu amana. Kisasi ukitaka, kalipe kwa mkono wako. Usimtume ndege."

Nilisema naam, mjomba. Halafu nikangoja adhana ya alasiri.

Mjomba akishatoka kwenda msikitini alikuwa hapungui nusu saa, kwa vile alitembea polepole na njiani lazima asalimiane na kila mtu. Siku ya kwanza nilimfungua kipanga kamba. Kunguru mmoja alikuwa chini akichokoa kifuu cha nazi, ametupa mgongo. Nilinyanyua mkono, kipanga akaondoka chinichini kama kitu kilichoteleza, na yule kunguru hakupata hata kugeuka. Alilia mara moja. Nilisogea nikasimama juu yao, nikamwambia, "Huyo wa mama."

Nilifurahi. Sitalipamba neno hilo. Mwili mzima ulilegea kwa furaha, na jioni ile nilikula sahani mbili za wali. Kesho yake nikarudia, na kesho kutwa. Masalia niliyafukia chini ya migomba. Mjomba alikuwa akitazama mizani asubuhi na kushangaa ndege anaongezeka uzito, akaniambia nipunguze nyama. Nikapunguza.

Kunguru akifa, wenziwe hukusanyika. Hilo nalijua tangu utotoni, kila mtu wa Unguja analijua, ila sikuwahi kujiuliza wanakusanyika kufanya nini. Sasa najua kwamba wanakuja kutazama nani kafanya. Siku ya nne msufi ulikuwa mweusi kwao, wamejipanga hadi matawi ya chini, na hakuna aliyekuwa akimtazama kipanga peke yake. Walinitazama na mimi. Siku ya tano waliningoja barabarani. Niliposhuka garini walinishukia kichwani mmoja mmoja, wakinipiga kwa miguu na kupaa tena, na watu niliofuatana nao hawakuguswa hata ushungi. Bi mmoja muuza mbatata za urojo aliniuliza nimekula nini chao. Nikacheka. Nilijiona mtu mkubwa, adui anayetambulika.

Kicheko kilikatika siku mjomba alipomtoa kipanga kumjaribu bila kamba. Ubawa umeshapona, na kama angeruka vizuri angeanza kuachiwa wiki ile. Mimi nilisimama nyuma, mjomba ndiye aliyemrusha. Alipaa vizuri mno. Alikuwa hajafika usawa wa paa kunguru walipomwagika kutoka kila upande, si wa msufi ule tu, walitokea na upande wa magofu ya zamani na upande wa pwani. Walimvuta mkia, wakampiga juu chini, mpaka akaangukia kwenye kichaka cha miiba. Mjomba aliingia kwa magoti kumtoa, na kifua chake kile. Alitoka naye amemfumbata kifuani, manyoya ya mkia yamenyofoka, damu juu ya jicho.

Kipanga wengine hupita Mbweni, nao kunguru huwasumbua kidogo kisha huwaacha. Mjomba alijua kuwa ule haukuwa usumbufu wa kawaida. Akatazama juu, akaona nusu yao wananizunguka mimi.

"Umewafanya nini hawa?"

Nilimweleza yote, hadi migomba. Nilitegemea atafoka, ningependa afoke. Alikaa juu ya kizingiti akikohoa kwa muda mrefu, ndege mapajani.

"Nlipewa amana," alisema, "wewe ukaifanya silaha. Sasa wanamjua. Nkimwachia watamuua, nkimweka ntakuwa nimemwiba."

Kwa siku tatu nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi.

Manyoya ya mkia yaliota taratibu. Nilipendekeza tumpeleke Jozani, akanijibu kwamba msitu ule una wenyewe. Kipanga wa kule wangemfukuza kabla hajajua kuwinda vya kutosha, na hakuna wa kumwekea nyama. Ndege wa namna ile huachiliwa pale alipozoea, anawekewa chakula mahali pamoja kila siku, na kila siku anakihitaji kidogo zaidi ya jana mpaka siku anayokikataa. Lazima iwe pale uani, chini ya macho ya kunguru walewale.

Mimi nilianza kurudi Mbweni nimevaa ninja, macho tu nje, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa makovu. Nikapita chini ya msufi kama mgeni. Hawakunyanyuka. Niliporudi siku ya pili na ya tatu vilevile, ndipo nikaelewa kwamba wanachokishika ni uso wangu. Na kama wanafuata uso, uso unaweza kuwapeleka popote.

Nilimwendea mjomba nikamwambia mpango. Kibandani kwangu nina vipande vya kitambaa cha buibui, mabaki. Kipande cheusi kikining'inia mkononi mwa mtu, kwa mbali ni kunguru aliyekufa. Nitakwenda upande wa magofu, mbali na nyumba, nifunue uso, ninyanyue kitambaa, nao wote watakuja kwangu. Wakati huo yeye atamfungua ndege na kumwekea nyama ukutani kwa utulivu.

Mjomba alinitazama kichwani palipokuwa na makovu.

"Watakuumiza."

"Si ulisema nilipe kwa mkono wangu?"

Tulianza baada ya sala ya alasiri, maana ndiyo saa aliyozoea kipanga kula. Nilisimama kwenye majani nyuma ya ukuta uliobomoka, nikavua ninja, nikanyoosha kitambaa juu. Walikuja. Nilikuwa nimesahau kelele zao zinavyokuwa zikikulenga wewe. Walinipiga utosini, walinivuta ushungi, mmoja alikaa begani kabisa akanidonoa sikio, na mimi niliwatukana matusi yote niliyokatazwa na mama. Sikukimbia. Kila aliyekuwa juu yangu hakuwa juu ya kipanga, na fikra hiyo ilinipa nguvu na raha kwa pamoja. Wenye kupita njia ya pwani walifikiri nina wazimu. Mmoja alinisomea dua kwa mbali.

Siku zikaenda hivyo. Kilichoniuma ni kwamba sikumwona. Miezi mizima nilikuwa nimembeba mkononi, nimempima kila siku ya Mungu, na sasa anaruka bure juu ya paa la mjomba, nami niko nyuma ya ukuta nimefumba macho yasitobolewe. Jioni mjomba alinisimulia: leo amekaa juu ya mnazi, leo alikula nusu tu, leo hakuitika mluzi. Nilisikiliza huku nikijipaka dawa kichwani. Kuna siku nilimwomba tubadilishane, yeye asimame nyuma ya ukuta angalau mara moja. Tulijua sote wawili kwamba hawamtaki yeye.

Siku ya mwisho alinifuata mwenyewe, kwa fimbo, akisimama kila hatua chache kupumua. Nilimwona kupitia mabawa. Alisimama mbali kidogo ili wasimchanganye.

"Kakamata panya," alisema. "Mwenyewe. Kamlia juu ya msufi, wala hakunitazama. Kisha kaenda zake upande wa mikoko. Hata kunguru mmoja hakuwepo kule."

Nikamuuliza aliruka vipi. Akajibu, "Kama hakuwahi kukaa kwetu."

Aliniambia nikitupe kitambaa, twende nyumbani, kazi imekwisha. Nilimwambia atangulie. Kipanga alikuwa bado karibu, na kama ningeshusha mkono wangepaa kwenda kumtafuta. Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ilikuwa ya kweli. Nyingine sikumpa. Damu ilikuwa ikinichuruzika juu ya nyusi, yule aliyenipasua alikuwa amekaa ukutani akinitazama bila haraka, na mimi nilikuwa bado sijatosheka nao. Mjomba alipopotea kwenye kona, nilinyanyua mkono juu zaidi, nikawaita.